Rimiksi ya "Search and Destroy" ya mwaka 1997: wimbo wa panki uliorudishiwa ngoma zake

Toleo ninalolihakiki hapa ni diski ya albamu Raw Power ya Iggy and The Stooges iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwaka 1997, na nitakaa zaidi kwenye wimbo wake wa kwanza, "Search and Destroy", kwa kuwa ndio unaobishaniwa kuliko mwingine wowote. Albamu yenyewe ni ya Februari 1973. Kilichouzwa mwaka 1997, hata hivyo, si rekodi ileile ya zamani iliyopigwa msasa. Ni rimiksi kamili iliyoanzia kwenye mikanda ya studio, kabla ala na sauti hazijaunganishwa, na aliyeketi mbele ya meza ya kuchanganyia sauti alikuwa Iggy Pop mwenyewe, mwimbaji wa bendi hiyo. Niutangulize msimamo wangu ili msomaji ajue nimesimama wapi: kama diski ya kusikilizwa kwa takriban dakika 34 mfululizo, toleo hili linachosha, na mahali pengine linaumiza masikio; lakini "Search and Destroy" iliyomo ndani yake naiona bora kuliko ile ya awali, na ubora huo unaeleza jambo kuhusu panki, mtindo wa roki uliochipuka miaka ya 1970, ambalo simulizi nyingi za muziki huo hulipita juujuu.

Tofauti kati ya kusafisha rekodi na kuifanyia rimiksi yafaa ishikwe vizuri, kwani maganda ya santuri na matangazo ya wauzaji hayaielezi kila mara. Rekodi inaposafishwa upya, fundi mitambo hupokea mchanganyo uliokwisha kukamilika na kuugusa kwa jumla: huongeza uzito huku, hupunguza ukali kule, huinua kiwango cha sauti, lakini hawezi kuipandisha ngoma peke yake bila kuburuta na vingine vilivyomo. Rimiksi hurudi nyuma hatua moja zaidi. Hapo mchanganyaji anaweza kuifukua besi iliyozikwa, kuiondoa sauti ambayo wasikilizaji wameizoea kwa miaka mingi, au kumtoa mwimbaji mbele na kumweka katikati ya bendi. Ndiyo maana rimiksi ya wimbo unaojulikana haiwezi kuhukumiwa kwa usafi wa sauti pekee. Ni maoni ya mtu kuhusu wimbo ule ulikuwa nini tangu mwanzo, na maoni hupimwa kwa nguvu ya hoja yake.

Kwa nini wimbo huu ulihitaji maoni ya pili? The Stooges walianzia Ann Arbor, katika jimbo la Michigan, mwaka 1967, wakatoa albamu mbili kupitia kampuni ya Elektra mwaka 1969 na 1970, zikauzwa kidogo mno, na kufikia mwaka 1971 walikuwa wameachwa na kampuni na bendi imesambaratika. David Bowie, mwanamuziki wa Kiingereza ambaye nyota yake ndiyo kwanza ilikuwa inang'aa, alimkutanisha Iggy na meneja wake, na mkataba wa Columbia ukapatikana. Iggy akaenda London pamoja na mpiga gitaa James Williamson. Walipokosa wapiga besi na ngoma wa Kiingereza wa kuwaridhisha, waliwaita ndugu wawili wa Asheton kutoka Marekani: Scott akarudi kwenye ngoma zake, na Ron, ambaye katika albamu mbili za kwanza ndiye aliyekuwa mpiga gitaa, akapewa besi. Ron hakuwahi kuufurahia uamuzi huo, na yeyote anayeisikiliza besi yake katika rimiksi ya 1997 atasikia mtu anayepiga kwa hasira ya kushushwa cheo.

Kurekodi kulifanyika katika studio za CBS jijini London, Septemba na Oktoba 1972, Iggy akiwa ndiye mtayarishaji na ndiye mchanganyaji wa kwanza. Kazi yake haikuuridhisha uongozi, na Bowie akaitwa kuokoa jahazi. Aliichanganya albamu upya huko Los Angeles katika muda wa siku moja, isipokuwa "Search and Destroy", ambao Iggy alishikilia kwamba mchanganyo wake mwenyewe ubaki, kwa bajeti finyu na vifaa vya kawaida. Bowie alisimulia baadaye kwamba katika mkanda wenye njia 24, yaani nafasi 24 za kurekodia sauti mbalimbali, alikuta tatu tu zimetumika: bendi nzima ikiwa kwenye njia moja, gitaa la solo kwenye ya pili na mwimbaji kwenye ya tatu. Simulizi hilo ni tamu na limerudiwa sana, ila sidhani kwamba linaweza kuwa kweli kwa kila wimbo, kwa kuwa katika toleo la 1997 ngoma na besi zinasikika zikitembea kila moja kwa miguu yake. Lililo hakika ni matokeo. Katika mchanganyo wa Bowie, sauti ya Iggy na solo la Williamson viko mbele kabisa, huku Scott na Ron Asheton wakisikika kana kwamba wanapigia chumba cha pili na mlango umefungwa.

Mchanganyo huo ndio uliokwenda sokoni mwaka 1973, ukaishia nafasi ya 182 kwenye chati ya albamu ya Billboard, na ndio uliofika kwenye masikio ya vijana wachache waliokuja kuanzisha bendi zao. Steve Jones, ambaye baadaye alikuwa mpiga gitaa wa Sex Pistols, bendi ya panki ya London, ameeleza kwamba alijifunza gitaa kwa kuifuatisha albamu hii. Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, aliiweka ya kwanza kabisa katika orodha yake ya albamu alizozipenda. Kwa watu kama hao, ule wembamba wa sauti, ile kasoro ya siku moja ya kazi huko Los Angeles, iligeuka kuwa alama ya uhalisi. Panki ikaanza kusikika kama muziki unaotakiwa uwe mwembamba na mkali, na yeyote anayeugusa wembamba huo huonekana kama anayelipaka rangi kaburi la mzee.

Tuingie sasa kwenye wimbo. Jina "Search and Destroy" lilikuwa jina la mbinu ya jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam: kumsaka adui na kumwangamiza. Iggy amesema alilichukua kwenye makala ya jarida la Time. Mwimbaji anajitambulisha kuwa ni duma anayetembea mitaani na moyo uliojaa napalm, ile kemikali ya vitani ya kuchomea, mtoto mtoro wa bomu la atomiki, kijana ambaye dunia imemsahau na ambaye anamwomba mtu fulani aiokoe roho yake. Ni majigambo, lakini ni majigambo ya mtu aliyeshindwa, na hapo ndipo utamu wa maneno hayo ulipo. Msamiati wa vita vilivyokuwa vikionyeshwa kwenye televisheni kila jioni umevalishwa mtu asiye na jeshi, asiye na kazi na asiye na anayemngoja.

Katika mchanganyo wa 1973, maneno hayo yanasemwa na mtu aliye peke yake. Gitaa la Williamson linamzunguka kama nyuki, lakini chini ya miguu yake hakuna ardhi. Kuna uzuri katika usomaji huo, na sitaki kuubeza: upweke wa maneno unakutana na upweke wa sauti. Tatizo ni kwamba wimbo wenyewe, jinsi ulivyopigwa studioni, haukuwa mpweke. Rimiksi inapoanza, jambo la kwanza linalokupata ni kwamba kuna bendi. Scott Asheton anapiga ngoma kwa uzito ambao toleo la awali halikuwahi kuudokeza, akisukuma mbele bila madoido, na Ron anafuata ndani ya ngoma hizo kwa besi iliyojaa, isiyopumzika, inayobeba nusu ya hasira ya wimbo. Gitaa la rithim, ambalo katika toleo la awali lilikuwa kivuli, sasa ni ukuta. Solo za Williamson zinaukwaruza ukuta huo badala ya kuelea hewani. Mwimbaji anapojiita silaha, nyuma yake kuna mizinga inayoitikia, na lile ombi la kuokolewa linakuwa la kutisha zaidi kwa sababu linatoka kwa mtu mwenye nguvu kiasi hicho.

Ninaposema rimiksi imeushinda mchanganyo wa awali katika wimbo huu, sababu yangu ni hiyo na si ukubwa wa kelele. Imetuonyesha kwamba hasira ile ilikuwa ya watu wanne waliosikilizana. Ngoma zile hazikuongezwa mwaka 1997. Zilipigwa mwaka 1972 na kijana aliyetoka Michigan, zikafungiwa kwenye mkanda kwa karibu robo karne.

Hapa ndipo swali la panki ni nini linapoingia, kwa sababu pingamizi kubwa dhidi ya rimiksi hii limekuwa kwamba wimbo wa panki ukitengenezwa upya kwa bajeti ya kampuni kubwa unapoteza upanki wake. Pingamizi hilo linachukulia kwamba panki ni aina fulani ya sauti: chafu, ya haraka, ya bei nafuu. Rekodi zenyewe hazikubali. Albamu ya kwanza ya Ramones, ya mwaka 1976, iligharimu takriban dola 6,400 na imebana nyimbo 14 ndani ya dakika 29, lakini gitaa limewekwa upande mmoja wa stereo na besi upande wa pili kwa makusudi kabisa, kwa kufuata rekodi za stereo za zamani. Huo ni uamuzi wa mtu aliyeketi akafikiri. Albamu ya Sex Pistols ya mwaka 1977, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo kilele cha ghasia, ni kazi ya studio iliyosukwa kwa uangalifu: Steve Jones alirekodi tabaka juu ya tabaka za gitaa, na sehemu kubwa ya besi pia ni yeye. Kama panki ingekuwa ni uchafu wa sauti, albamu hiyo isingefuzu.

Kwa upande mwingine kuna Buzzcocks wa Manchester, ambao Januari 1977 walitoa santuri yao ya nyimbo nne kwa fedha za kukopa, paundi 500, kupitia lebo waliyoianzisha wenyewe. Kwenye ganda lake waliandika kila wimbo ulirekodiwa kwa jaribio la ngapi na kama kuna sauti iliyoongezwa baadaye. Naona hilo ndilo jambo la kipanki kuliko kelele zote za mwaka ule. Wasikilizaji walifunguliwa mlango wa studio wakaona kwamba hakuna muujiza: watu wameingia, wamepiga, wametoka, nawe unaweza. Msingi wa panki, kwa jinsi ninavyouelewa, ni swali la nani ana haki ya kutengeneza na nani anashika vifaa. Kasi, nywele zilizosimama na gitaa zinazokwaruza ni mavazi ya swali hilo, na mavazi hubadilika.

Ukilishika swali hilo, rimiksi haiwi tena jambo geni kwa panki. Kwa kweli panki ya London ililelewa pamoja na sanaa ya kuchanganya upya. Kwenye klabu ya Roxy, mwanzoni mwa 1977, rekodi za panki zilikuwa bado ni chache mno kujaza usiku mzima, na Don Letts, aliyekuwa akipiga santuri pale, alijaza nafasi kwa rege na dabu kutoka Jamaika. Dabu ni nini kama si rimiksi? King Tubby, fundi mitambo wa Kingston, alichukua nyimbo zilizokwisha kuuzwa, akaondoa sauti ya mwimbaji, akaacha ngoma na besi zitawale, akarusha vipande vya gitaa ndani ya mwangwi, na kazi hiyo ikapewa hadhi ya kuwa kitu kipya. The Clash, bendi nyingine ya panki ya London, walimpa Lee Perry, bingwa mwingine wa meza ya kuchanganyia sauti, autayarishe wimbo wao mmoja mwaka huohuo wa 1977. Vijana waliocheza kati ya sauti za Roxy walijua kabisa kwamba wimbo unaweza kuwa na maisha zaidi ya moja. Wahafidhina wa leo wanaoulinda mchanganyo wa 1973 kana kwamba ni maandiko matakatifu wanalinda kitu ambacho wazee wa panki wenyewe hawakukiabudu.

Hayo yote hayaiondolei diski hii makosa yake, na makosa yake ni makubwa. La kwanza ni ujazo wa sauti. Diski ya dijitali ina dari ambayo mawimbi ya sauti hayawezi kuipita. Ukiyasukuma zaidi yanakatwa vichwa, na kilichokuwa mdundo kinakuwa mkwaruzo bapa. Iggy aliisukuma albamu nzima hadi kwenye dari hiyo na kuiacha pale, kwa hiari yake, na toleo hili hutajwa mara kwa mara miongoni mwa diski zenye sauti kubwa kuliko zote katika historia ya roki. Kwa "Search and Destroy", ambao ni shambulio tangu sekunde ya kwanza, ukatili huo unakubalika. Ukifika wimbo wa tano, sikio linakuwa limekufa ganzi, kwa sababu muziki usio na mahali palipotulia hauna pia mahali palipo na kishindo.

Kosa la pili linahusu nyimbo za polepole. Katika "Gimme Danger", Bowie alilipitisha gitaa kwenye kifaa cha mwangwi kilichoitwa Time Cube, na matokeo yake ni ukungu wa kupendeza unaoufanya wimbo uonekane unasikika kutoka mbali na kutoka karibu kwa wakati mmoja. Rimiksi imeufuta ukungu huo. Gitaa limebaki kavu, mwimbaji amesogea mno, na hatari inayotajwa katika jina la wimbo imetoweka. Ron Asheton alilalamika hadharani kwamba Iggy alilivua gitaa la Williamson ulaini na madoido yake yote hata solo zikasikika za kukatikakatika, na kwamba alirudisha kila mguno na kila neno alilowahi kulitamka mbele ya maikrofoni. Alisema aliupenda mchanganyo wa zamani zaidi. Williamson naye hakuifurahia rimiksi. Katika nyimbo tatu au nne nakubaliana nao bila kusita, na miguno ile, ambayo mwanzoni inachekesha, baada ya muda inatamanisha mtu kumwomba mwimbaji apumzike kidogo.

Kuna kitendawili kingine ambacho mtetezi wa rimiksi hii, nikiwamo mimi, hana budi kukikabili. Nimesema panki ni suala la nani anashika vifaa, na ni kweli kwamba mwaka 1997 aliyevishika alikuwa mwenye wimbo. Lakini Iggy mwenyewe alieleza katika maandishi ya kijitabu cha diski hiyo kwamba kama angekataa, Columbia ingeifanya kazi hiyo bila yeye. Uhuru wake, basi, ulikuwa uhuru wa kuchagua kati ya kufanya na kufanyiwa. Tena, aliporudishiwa usukani yeye, wenzake watatu hawakurudishiwa, na malalamiko ya Ron yanatukumbusha kwamba mwimbaji mwenye jina kubwa si bendi. Ajabu ni kwamba aliyefaidika zaidi masikioni mwa msikilizaji ni Ron huyohuyo na ndugu yake, ambao kwa mara ya kwanza kazi yao katika "Search and Destroy" inasikika sawasawa.

Kwa kulinganisha, rimiksi nyingine za rekodi za aina hii zimekuwa na bahati tofauti. Albamu ya The Heartbreakers ya mwaka 1977, L.A.M.F., ilitoka na sauti ya matope kiasi kwamba mpiga ngoma Jerry Nolan aliihama bendi, na hakuna aliyelia ilipochanganywa upya mwaka 1984. Albamu ya Tim ya bendi ya The Replacements, ya mwaka 1985, ilifanyiwa rimiksi na mtayarishaji Ed Stasium mwaka 2023, na mashabiki wengi waliipokea kama toleo walilokuwa wakilisubiri. Kazi ya Stasium ni safi na ya heshima kuliko ya Iggy kwa kila kipimo cha ufundi. Hata hivyo ya Iggy ndiyo ninayoirudia, pengine kwa sababu haikutaka kumridhisha mtu.

Kwa mnunuzi, ushauri wangu ni huu. Anayeikuta albamu hii kwa mara ya kwanza aanze na toleo la 2010, ambamo mchanganyo wa Bowie umesafishwa vizuri na besi imepata nafasi kidogo bila kuvurugwa mpangilio wa awali. Toleo hilo lina pia onyesho la jukwaani la Atlanta la Oktoba 1973, ambalo peke yake linatosha kuwa sababu ya kulinunua. Kisha aitafute diski ya 1997, iliyotumika ikiwezekana, kwani si kitu cha kulipia bei ya mpya. Aiweke kwenye spika, si kwenye vipokea sauti vya masikioni, ashushe sauti hadi nusu ya alivyozoea, na asikilize wimbo wa kwanza, wa tatu na wa saba. "Gimme Danger" auruke, ausikilize katika mchanganyo wa Bowie. Katika huduma za muziki za mtandaoni achunguze kwanza ni toleo lipi linalochezwa, kwa kuwa yote mawili hubeba jina lilelile na mara nyingi ganda lilelile. Akisikia ngoma tangu mwanzo wa "Search and Destroy", amefika kwenye rimiksi.